Konokono Ndio Waliotangulia

Mimi nilianza kumshuku siku ile ile alipoingia mlangoni. Kwetu bibi harusi akifika kwa wakwe hupewa samaki hai amshike mkononi, na kila bibi harusi niliyemwona maishani mwangu alipiga yowe. Mimi mwenyewe nilipiga yowe, nikamwangusha, na mawifi zangu wakanicheka mwaka mzima. Phalguni hakupiga yowe. Alimkamata yule samaki nyuma ya kichwa kwa vidole viwili, akamtazama mdomoni, akasema, "Huyu ana njaa." Wanawake wote wakacheka isipokuwa mimi. Nilijisemea moyoni, Bithika we, huyu mkaza mwanao ana mkono uliozoea kazi, kaa macho.

Mniwie radhi, mimi ndivyo nilivyo. Mume wangu, Baba Tirtho, alikuwa akisema nikipewa maziwa nitauliza ng'ombe alilala wapi. Nimeishi Bagbazar miaka thelathini na minane, ghorofa ya pili, na hapa Kolkata hajazaliwa bado muuza samaki wa kunibambikia samaki wa jana.

Tangi la kioo lilikuwa la Baba Tirtho. La futi tatu, limekaa sebuleni chini ya picha yake. Kila Jumapili alikuwa akienda gulioni asubuhi na mapema na kurudi na mfuko wa maji, kiumbe kipya kikizunguka ndani yake, na mimi nikimgombeza kwa kunilowanishia sakafu. Alipoanza kuugua, samaki walipungua mmoja mmoja. Ikabaki jozi moja tu ya wale wanaoitwa malaika, wembamba, wenye mapezi marefu, dume tukimwita Bwana na jike tukimwita Bibi. Walikuwapo pia konokono wake kumi na kitu na shada moja la majani. Kisha naye akaenda zake, majira ya baridi mwaka juzi.

Sisi hatuna makaburi ya kwenda kukaa. Tunachoma maiti, na majivu yanakwenda mtoni. Mimi nilikuwa na tangi. Kila asubuhi nilikaa pale na chai yangu, nikawalisha Bwana na Bibi, nikawaambia bei ya bilinganya na mambo ya mwanangu Tirtho kazini. Nilikuwa nimeshajiwekea moyoni kwamba siku wale wawili watakapokufa ndipo nitakapokuwa mjane kweli kweli. Sasa mtu akilisogelea tangi lile, nisimtazame mikono?

Mwezi wa pili wa ndoa, Phalguni alikwenda kwao kusalimia. Kwao ni huko kusini, upande wa Amtala, ambako watu wanazalisha samaki wa mapambo uani kama wengine wanavyofuga kuku. Akarudi na mfuko wa plastiki uliofura hewa, na furushi la majani limefungwa kwenye gazeti bichi.

"Vya nini hivyo?" nikamuuliza hata kabla hajavua viatu.

"Vya tangi, Ma. Baba ametuma. Hawa wanaitwa moli, wako kumi na wawili. Na majani ya kwenye madimbwi yetu. Nimeona tangi limekaa tupu."

"Tupu? Hao wawili si samaki? Ni mapazia?"

"Sikusema hivyo, Ma. Nilitaka tu..."

"Nimesikia ulichosema."

Nikakaa kando nimngojee awamwage tangini nipate la kumsema. Hakuwamwaga. Akawatia kwenye ndoo kule roshani, akaweka kipampu kidogo cha hewa, akafunika na kipande cha sari kuukuu. Hapo ndipo shuku yangu ikaota meno. Mtu ameleta zawadi, mbona anaificha?

"Samaki mgeni hukaa kando siku kumi na nne, Ma," akasema. "Kama ana ugonjwa, utajitokeza hukohuko ndooni."

"Na hayo majani nayo yana homa?"

Maana majani alikuwa ameyalaza kwenye beseni, na maji ya beseni yalikuwa zambarau. Nasema zambarau, rangi ya bilinganya! Alikuwa ametia chembechembe fulani kutoka kwenye kichupa kisicho na karatasi, na vidole vyake vikabaki na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa sabuni.

"Ni dawa ya kuua mayai ya wadudu, Ma. Hata visimani hutiwa."

"Labda kisima cha kwenu," nikamjibu.

Nikateremka kwa Mala, jirani yangu wa ghorofa ya kwanza, mtu wa kwanza kusikia kila jambo mtaani na wa mwisho kulisahau. Akanisikiliza huku anachambua dengu.

"Zambarau?" akasema. "Dada, hiyo si rangi ya kuchezea. Unamjua mkaza mwana wa binamu yangu? Alikuwa na beseni hivyohivyo, analiinamia kila asubuhi, midomo inacheza. Miezi sita tu, kijana kabeba virago kahamia Bangalore na mkewe. Mama kaachiwa paka."

"Tirtho hawezi kuhama."

"Binamu yangu naye alisema hivyohivyo."

Siku zote kumi na nne nililinda ile ndoo kama askari wa benki. Alikuwa akiifunua, anawatazama, anaifunika. Hakusema nao neno. Kama angekuwa mtu mwema, si angewasemesha? Hata mimi nawasemesha.

Siku ya kumi na tano, Jumatano, akawatia. Akazima taa ya tangi, akawaweka moli kwenye mfuko wa plastiki, akauacha mfuko uelee juu ya maji nusu saa nzima, kisha akawa anachota maji ya tangi kijiko kimoja kimoja na kuyatia mfukoni. Mimi nimevuta kiti, macho kodo. Mwisho akawatoa na kiwavu, mmoja baada ya mwingine, na maji ya mfukoni akayamwaga chooni. Majani akayapanda kwenye changarawe kwa kibano kirefu. Nilitaka kuchukia, lakini haki ya Mungu, lilipendeza. Moli weusi tii kati ya majani ya kijani, Bwana na Bibi wakipita katikati taratibu. Tirtho akamkumbatia mkewe mbele yangu bila haya.

"Ma, umeona? Kama enzi za Baba."

"Nimeona," nikasema. Kumbe nilichokiona mimi ni majani yaliyooshwa kwa maji ya zambarau yakiingia kwenye maji ya marehemu mume wangu.

Nina lota yangu, kitungi kidogo cha shaba, kwenye rafu ya sala. Ndani yake mna maji ya Ganga, mto wetu mtakatifu, tuliyoyaleta kutoka Haridwar mimi na Baba Tirtho, na maji hayo hayaishi, kwa sababu ukibakisha kidogo ukajaza ya bomba, yote yanakuwa ya Ganga. Hakuna uchafu wala jicho baya linalostahimili maji yale. Basi kuanzia Alhamisi alfajiri, Phalguni akiwa bafuni, nilikuwa naibeba lota, nabakisha kidogo kikombeni, na mengine yote nayamwaga tangini kimya kimya, huku nataja jina la Mungu. Kisha naisugua kwa ukwaju mpaka inang'aa, narudisha yale ya kikombeni, naijaza tena, naiacha hadi kesho yake. Sikumwambia mtu. Kinga haitangazwi.

Jumatatu konokono walikuwa chini, wamelala, milango ya magamba yao wazi. Niliokota kumi na mmoja, wote wakinuka. Konokono wa Baba Tirtho walioishi tangini miaka sita bila kuugua hata mafua! Na mgeni hajamaliza wiki.

Mwee! Niseme nini tena? Nikaanza kumwaga lota asubuhi na jioni.

Jumatano yale majani yaliyopandwa kwa kibano yalikuwa yameanza kuyeyuka kama mchicha uliosahauliwa jikoni. Moli watatu wakaelea. Wengine wakawa wanajisugua kwenye changarawe kama wanaowashwa. Phalguni alileta mpira wa maji na ndoo akaanza kunyonya maji ayabadilishe, uso umemjaa hofu, na mimi ile hofu niliisoma kuwa ni ya mwizi anayefuta nyayo.

"Acha!" nikamwambia. "Umewatia nini?"

"Sijawatia kitu, Ma. Mimi mwenyewe sielewi. Niache nibadilishe maji."

"Ubadilishe ushahidi? Umeleta mauchafu yenu ya madimbwini, ukayatia rangi ya kichawi, sasa unataka kumwaga maji?"

Tirtho akatoka chumbani na tai mkononi. "Ma, samaki hufa. Basi."

"Wa baba yako hawakuwa wakifa!"

"Walikuwa wakifa kila siku, Ma. Ndiyo maana alikuwa anaenda gulioni kila Jumapili."

Nilimtazama mwanangu nikaona Bangalore imeandikwa kwenye paji la uso wake.

Phalguni akaweka mpira chini. "Kichawi?" akauliza. "Umesema kichawi, Ma?"

"Nimesema. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wewe umekuja tunazika. Kuanzia leo usiliguse tangi hili. Hata kioo usikifute."

Alikwenda jikoni, nikasikia anakata vitunguu, kisu kinagonga ubao haraka haraka. Tangu saa ile alinyamaza. Aliniandalia chai, alinitengea wali, alinifulia, yote bila neno. Mala akaniambia kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nikaongeza kufuli kwenye kabati la vyombo.

Jumamosi asubuhi Bibi alikuwa amelala ubavu kwenye kona ya chini. Bwana anamzunguka, anamgusa kwa mdomo, anarudi nyuma, anamgusa tena. Niliingiza mkono nikamtoa. Alikuwa mwepesi mno. Nililia kama sikuwahi kulia hata siku ya kuchoma, kwa sababu siku ile nyumba ilikuwa imejaa watu na nilikuwa na kazi ya kuwapikia. Phalguni alisimama mlangoni mwa jikoni, kakamata ukingo wa sari yake, uso mweupe. Alifungua mdomo, kisha akaufunga. Nikasema moyoni, naam, kikulacho ki nguoni mwako.

Nikapiga simu Amtala. "Bwana mkwe, njoo kesho umchukue binti yako akapumzike kwenu kidogo."

Kila mzazi anajua maana ya maneno yale. Wasichana wangapi wamerudishwa kupumzika na mpaka leo wanapumzika.

"Amekosa nini, dada?"

"Njoo utaona mwenyewe."

Tirtho akasema mkewe akitoka naye anatoka. Nikamwambia aende, Bangalore kuzuri, hakuna joto. Nilisema kwa mdomo tu. Phalguni hakulia wala hakuomba. Alifungasha sanduku lake, akalisimamisha karibu na mlango, akakaa juu yake.

Nishikanta Mondal alifika Jumapili saa tatu. Mtu mfupi, mwenye shati lililopigwa pasi na vidole vyenye madoa ya kahawia kama ya bintiye. Alikuwa amebeba chungu cha mtindi mtamu na samaki mzima wa kilo tatu amefungwa kwa majani ya mgomba, maana kwa wakwe huendi mikono mitupu, hata kama umeitwa kutukanwa. Akaniamkia kwa kuinama. Nikamwonyesha kiti. Hakukaa. Macho yake yalikuwa yameshakwenda kwenye tangi, akachuchumaa mbele yake, chai yangu ikabaki mezani inapoa.

"Nani alitangulia?" akauliza.

"Kutangulia nini?"

"Kufa, dada."

"Konokono. Wote kwa siku moja."

"Halafu?"

"Majani yakayeyuka. Halafu hao weusi wakawa wanajikuna. Halafu..." Sikuweza kumtaja Bibi.

Akachovya kidole, akakinusa, akatikisa kichwa. "Huu si ugonjwa. Ugonjwa hauanzi na konokono. Humu mna shaba. Shaba ndiyo huanza na konokono. Kwetu mtu akiwa na pete ya shaba anaivua kabla ya kutia mkono kwenye beseni." Akamgeukia binti yake. "Phalguni! Mimi nimekufundisha nini tangu una miaka mitano? Umetia chombo gani humu?"

Phalguni aliangalia sakafu.

"Nakuuliza wewe! Umeniaibisha kwa watu! Nimekuoza kama mtu anayejua maji, na wewe unatia shaba kwenye tangi la marehemu?"

Kutoka pale nilipokaa niliiona lota kwenye rafu ya sala, inang'aa. Nikakumbuka kitambaa cha ukwaju kinavyotoka na ukijani kila ninapoisugua. Siku kumi nimemwaga. Konokono wakafa, nikazidisha. Bibi akaanza kuyumba Ijumaa, nikamwagia lota mbili mara moja, nikaomba kwa machozi.

Naapa nilitaka kunyamaza. Sanduku lilikuwa mlangoni. Teksi ya Nishikanta ilikuwa chini. Ningesubiri robo saa tu, jambo lingekwisha, na hakuna ambaye angejua isipokuwa Mungu, na Mungu tumezoeana. Lakini Bwana alikuja juu ya maji mbele ya yule mzee, akawa anafungua mdomo na kufunga, anatafuta pumzi. Yeye angebaki na mimi. Mimi na lota yangu.

Nikainuka, nikaichukua, nikaiweka mezani kando ya chai.

"Ni hii," nikasema. "Ni mimi. Kila alfajiri, na baadaye kila jioni pia. Maji ya Ganga. Nilikuwa nawakinga."

"Kuwakinga na nini, Ma?" Tirtho akauliza.

"Na mkeo."

Hakuna aliyecheka. Nishikanta aliishika lota, akaichungulia ndani, akairudisha mezani kwa adabu kama kitu cha watu. Nikamgeukia Phalguni, nikangoja anitukane. Nilistahili, nyani haoni kundule na mimi sikuliona langu.

"Najua, Ma," akasema.

"Unajua nini?"

"Alhamisi hii iliyopita nilisahau taulo nikarudi. Nikakuona unamwaga."

"Alhamisi?" Nilihesabu. Alhamisi Bibi alikuwa bado anakula mkononi mwangu. "Alhamisi uliniona, ukajua ni sumu, ukanyamaza?"

"Ulikuwa umeniita mchawi Jumatano." Sauti yake ilianza kukatika. "Nilisema moyoni, acha amwage. Acha awaue mwenyewe aone. Halafu Jumamosi nikakuona umemshika mkononi, nikataka kusema, nikashindwa, kwa sababu ningesemaje? Ningesema nilijua tangu juzi?"

Baba yake alimpiga jicho ambalo sijawahi kuona mzazi akimpiga mtoto. Watu wa kazi ile hawaachi samaki afe kwa sababu ya hasira zao. Akashika sanduku. "Twende," akamwambia. "Sasa nakuchukua mimi mwenyewe. Si kwa kuitwa."

Basi nilikuwa na haki yangu mkononi. Nilikuwa nimemshuku miezi miwili, na kumbe kweli alikuwa na la kushukiwa. Alimwacha Bibi wa Baba Tirtho afe na huku anajua. Na mimi ndiye niliyemuua, kwa mikono yangu, nikitaja jina la Mungu. Nilimtazama pale alipo, pua inamtiririka, haifuti, na nikaona kwamba ningekuwa mimi katika umri wake, mama mkwe wangu akaniita hivyo, ningefanya vilevile. Pengine ningefanya vibaya zaidi.

"Bwana mkwe, weka sanduku chini," nikasema. "Binti yako haendi popote, ana kazi." Nikamwambia Phalguni, "Huyu Bwana anapona?"

Alijifuta kwa mgongo wa mkono, akasogea kwenye kioo. "Tukibadilisha maji sasa hivi, sehemu tatu kati ya nne. Na kesho tena. Na kesho kutwa. Labda."

"Sema la kufanya."

Tulifanya kazi mpaka mchana, yeye anaamrisha, mimi nabeba ndoo, Nishikanta anaosha changarawe bafuni suruali imekunjwa hadi magotini, Tirtho anapangusa sakafu. Samaki wa kilo tatu tulimpika kwa haradali tukala tumechelewa, bila mazungumzo mengi. Jioni Bwana alikuwa ameshuka chini kidogo, anapumua polepole. Phalguni alimning'inizia mnyoo mmoja kwenye kidole. Bwana alimtazama yule mnyoo muda mrefu, kisha akamla.

Tulikuwa wawili tu sebuleni wakati ule, Tirtho ametoka kumsindikiza Nishikanta.

"Sijakusamehe," nikamwambia.

"Hata mimi sijakusamehe, Ma."

Tangu Baba Tirtho afe, hakuna aliyenisema kweli usoni ndani ya nyumba hii. Wote walikuwa wananibembeleza kama yai. Nilichukua lile sanduku pale mlangoni, zito kama mawe, nikalikokota mwenyewe hadi chumbani kwao.